Neno Lililopotea Katika Hoja ya Nyumba

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za bunge la kaunti, pale Malindi, na kumbukumbu zenyewe tuliziita Hansadi. Wajumbe wakisema ukumbini, sauti zao zilinaswa na kuletwa kwenye kompyuta zetu zikiwa zimekatwa vipande vya dakika kumi kumi. Tulikuwa watu wanne katika chumba chenye dirisha moja, kila mmoja na hedifoni zake. Ulisikiliza, ukaandika, ukarudisha nyuma, ukasikiliza tena. Kisha mhariri wetu aliyapitia tuliyoandika kabla hayajawa maneno rasmi.

Kulikuwa na mjumbe mmoja ambaye vipande vyake wenzangu hawakuvipenda. Alisema polepole mno. Aliiacha sentensi katikati akaenda kutafuta mithali, na alipoipata alikuwa ameshasahau alikotoka. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Jilore, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kigiriama niliyoizoea tangu utotoni. Kwa sababu hiyo vipande vyake nililetewa mimi. Nilimjua kwa sauti tu. Ukumbi ulikuwa upande wa pili wa jengo, na wajumbe hawakuwa na sababu ya kupita kwetu.

Alisimama karibu kila hoja iliyohusu makazi, serikali ya mashinani na huduma za wananchi. Aliuliza kwa nini choo cha soko kina kufuli na ufunguo uko kwa mtu anayeishi Mombasa. Aliuliza msimamizi wa wadi atafanyaje kazi ilhali hana hata meza, anakutana na watu kwenye baraza ya duka. Aliuliza zahanati itazalishaje akina mama bila taa. Siku moja alitaka kuelezwa nani hasa wa kuzoa taka katika barabara ambayo upande mmoja ni ya kaunti na upande wa pili ni ya serikali kuu, na kama kila upande una mwenyewe, je, zile zilizo katikati ni za nani. Wajumbe wenzake walicheka sana. Mimi niliyekuwa na sauti yake masikioni nilijua hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa anauliza kweli.

Nilimpenda, ingawa sina hakika kama ndilo neno. Labda nilimzoea tu.

Basi ikaja hoja ya nyumba. Mjumbe mwingine aliiomba kaunti iweke mpango wa makazi bora kwa watu wa kipato cha chini pembezoni mwa mji. Hoja ya kawaida, ya kuungwa mkono na kusahauliwa. Kipande changu kilianza na yule mwalimu akikohoa. Alimshukuru Spika, akasema kwamba watu wanapozungumza habari ya nyumba hupenda kuzungumza habari ya ramani, na yeye angependa kuzungumza habari ya watu. Akaanza kueleza mahali fulani katika wadi yake. Akasema kuna ghala la zamani la pamba lisilo na paa, na nyuma yake kuna safu za nyumba za udongo, na kati ya safu ya kwanza na ya pili kuna mkondo ambao mvua ikinyesha hugeuka mto. Akasema kuna bomba moja la maji, na mbele ya bomba madumu hupangwa foleni tangu alfajiri, wenye madumu wakiwa wamerudi kulala.

Niliacha kuandika. Mahali hapo ndipo nilipozaliwa.

Baba yangu alitoka Rabai akiwa kijana, akaja kuwa dobi katika hoteli moja ya watalii. Alijenga nyumba nyuma ya lile ghala kwa sababu wenzake wa kazini walikuwa wamejenga pale. Kwetu Pwani hilo si jambo la kushangaza: nyumba ni yako, ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine wakati mwingine hajulikani yuko nchi gani. Baba alikufa, hoteli ikafungwa, nyumba ikabaki, na mama akabaki ndani yake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini karibu na kazi. Kazini sikuwahi kumwambia mtu nilikotoka. Si kwamba niliona haya. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikairudisha sauti nyuma kidogo, nikaanza kuandika tena. Mwalimu alieleza vizuri. Alieleza vyoo vya shimo vinavyofurika, alieleza watoto wanaokwenda shule viatu wamevishika mkononi. Halafu akafika mwisho. Akasema, "Kwa hivyo, Mheshimiwa Spika, naomba watu wale waha," na hapo kikasikika kishindo, kama mtu aliyegonga kipaza sauti kwa faili, kisha nikasikia "shwe, na jambo hili lifanyike kabla ya masika."

Waha, kishindo, shwe.

Nikarudisha nyuma. Nikapunguza kasi. Nikaongeza sauti mpaka masikio yakauma. Mara ya kwanza nilisikia wahamishwe. Mara ya pili nilisikia wahalalishwe, nikashusha pumzi. Mara ya tatu nilisikia kishindo peke yake. Wahamishwe, waondolewe pale. Wahalalishwe, ardhi iwe yao kisheria. Maneno mawili yaliyoanza sawa na kwisha sawa, na katikati yake nyumba ya mama yangu.

Nikaendelea mbele nikitumaini kwamba mjumbe atakayefuata atalirudia neno. Hakulirudia. Alisema anaunga mkono moja kwa moja yote aliyosema mwenzake. Mwingine akapendekeza kwamba ombi la mheshimiwa aliyetangulia liwe sehemu ya azimio. Spika akawauliza wanaokubali, wakaitikia kwa kishindo. Akawauliza wanaokataa, pakawa kimya. Ombi likapita, na katika kurasa zote nilizoandika hakuna mtu aliyetaja ni ombi gani.

Kwa kawaida marekebisho ya hoja huandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa karani wa meza. Nikaenda kumwona karani. Akapekua faili yake, akaniambia siku ile mambo yalikwenda haraka na karatasi haikuletwa. "Ninangoja Hansadi," akasema, "ndipo nijue wamepitisha nini."

Nikamwambia Hansadi ni mimi.

"Basi ninakungoja wewe," akasema, na akarudi kwenye kazi zake.

Mhariri wetu alikuwa mzee wa Mambrui, mtu wa Kiswahili kilichotulia, ambaye hakuwahi kunyanyua sauti na hakuwahi kuacha koma ipotee. Nilimwambia kuna neno silisikii. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza mara mbili. Akazivua.

"Mwanangu," akasema, "sisi si watia maneno vinywani mwa watu. Unachosikia ndicho unachoandika."

"Nikisikia mawili?"

"Hukusikia mawili. Hukusikia hata moja."

"Kwa hiyo niandike halikusikika?"

Akafikiri. "Ungeandika hivyo kama lingekuwa neno la njiani. Hili ndilo azimio lenyewe. Azimio lisilosikika ni kitu gani?" Alionekana kama anajiuliza mwenyewe. Akanipa mpaka Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Nilimkuta ameketi nje na jirani yake, mama mmoja anayeuza mahamri, ambaye nyumba yake iko kwenye safu ya kwanza, ukingoni mwa ule mkondo, sisi tukiwa safu ya pili. Kando ya ukuta kulikuwa na rundo la makuti mapya. Mama alikuwa amejiandaa kuezeka upya kabla ya mvua, kwa sababu paa la nyuma lilikuwa limechakaa mpaka nyota zinaonekana. Nikawaamkia wote wawili, wakaitikia marahaba, nikapewa kigoda.

"Tunakungoja wewe," mama akasema. "Fundi anataka kupanda Jumatatu. Huku watu wanasema mjumbe ametusemea bungeni. Wengine wanasema tunapewa ardhi, wengine wanasema tunatolewa. Wewe uko huko ndani. Amesema tukae au amesema tutoke?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Kikao kilikuwa cha wazi, mtu yeyote angeweza kuketi roshani akasikia. Lakini kumbukumbu ambazo hazijapitishwa hatukuruhusiwa kuzitoa nje, na mimi nilikuwa nimeweka sahihi kwamba nitalishika sharti hilo. Sasa, kama ningekuwa na siri, ningejua ninaficha nini. Mimi nilikuwa ninaficha kitu ambacho sikuwa nacho.

Mama wa mahamri akaingilia kunisaidia. "Mimi nilikuwepo siku ile," akasema. "Tulikwenda na wenzangu wa chama. Tulikaa juu kule, tukamwona kwa macho yetu."

Nikasogeza kigoda karibu naye. "Alisema nini, Mama?"

"Alisema vizuri sana."

"Alisema nini hasa, kuhusu watu wa hapa?"

"Alitueleza sisi kama tulivyo. Hata madumu aliyataja." Akatabasamu kwa kukumbuka. "Sisi tukapiga makofi, askari akatunyamazisha."

"Na mwisho, aliomba nini?"

Akatazama mkondo uliokuwa umekauka, umejaa mifuko na maganda ya madafu. "Huko mwisho tulikuwa tunanyamazishwa," akasema.

Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Aliamini, nadhani, kwamba ninajua na kwamba habari ni mbaya, kwa maana hakuna mtoto anayeficha habari njema. Nikamwambia aezeke. Nilipofika barabarani nikajiuliza nimemwambia hivyo kwa sababu gani, nikarudi, nikamwambia angoje kidogo. Akasema haya. Hilo neno haya likanifuata mpaka chumbani kwangu.

Asubuhi ya Jumatatu nilimwomba mhariri ruhusa, nikaenda kumtafuta mjumbe mwenyewe. Ofisi yake ya wadi ilikuwa chumba kimoja kando ya kinu cha kusagia mahindi, na vumbi la unga lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya bendera ndogo iliyo mezani. Nje kulikuwa na benchi limejaa wazazi wenye fomu za kuomba msaada wa karo. Nilikaa mwisho wa benchi, nikasogea kila mmoja alipoingia, na nilipokuwa nasogea nilikuwa naisikia ile sauti ikitoka mlangoni bila hedifoni. Ilinishangaza kwamba inatoka kwa mtu.

Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Fomu yako iko wapi?"

Nikamwambia sikuja kwa karo. Nikamweleza mimi ni nani na kazi yangu ni nini. Akafurahi sana. Akainuka akanipa mkono mara ya pili, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa amempa mtu mwingine.

"Ni wewe unayeniandika? Miaka yote hii?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Mimi husoma yale maneno nikajiuliza, ni nani huyu anayenipanga vizuri hivi? Maana mimi najijua, natawanyika."

Nikamwambia kuna neno limepotea. Nikamsomea sentensi mpaka waha, nikanyamaza, kisha nikasoma shwe. Akaniomba niirudie. Nikairudia. Akavua miwani.

"Nilisema wahakikishwe," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Wahakikishwe, waandikwe, ijulikane nani ni nani. Nilikuwa nimekuja na maneno mawili, sasa nilikuwa na matatu.

"Una hakika, Mheshimiwa?"

Akafungua droo, akatoa karatasi aliyokuwa ameandika kabla ya kusimama siku ile. Ilikuwa na maneno manne makubwa, moja chini ya jingine: watu, maji, vyoo, mvua. Akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa na namba ya simu ya fundi wa pikipiki.

"Hebu ngoja," akasema. "Huenda nilisema wahalalishwe. Ndilo nilikuwa nalo moyoni kwa muda mrefu, watu wale wapate haki yao." Kinu kilikuwa kinanguruma upande wa pili wa ukuta. "Lakini pia wale wa safu ya kwanza, kule kwenye mkondo, hawawezi kubaki pale. Kila mwaka nahofia nitaitwa kwa msiba. Wale ni wa kuhamishwa. Nilikuwa nafikiri habari yao pia nilipokuwa nasema."

"Kwa hiyo ni lipi, Mheshimiwa?"

"Nilikuwa na maana ya yote matatu."

"Ulisema moja."

"Nilisema moja," akakubali. Alionekana kusikitika kweli. Kisha akaniinamia kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi kwenye mtihani bila kutaka kuonekana. "Wewe unawafahamu watu wale?"

Nikaiinamia karatasi yangu, naye akaelewa.

"Basi andika lile litakalowasaidia."

Nikamwambia siwezi, si langu kuandika asilolisema. Hakukasirika. Alianza kuniuliza, kwa sauti ileile aliyoulizia habari ya takataka za katikati ya barabara.

"Choo cha soko nimekisema mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Umeandika zote?"

"Zote."

"Kimefunguliwa?"

"La."

"Basi binti yangu, neno moja unaliogopea nini?"

Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Njiani nilijaribu kulijibu swali lake na kila jibu lilinigeukia. Ikiwa maneno ninayoandika hayafanyi kitu, basi kuandika wahalalishwe si dhambi, lakini pia hakuna faida. Ikiwa yanafanya kitu, basi faida ipo, na dhambi ipo. Nilipofika kazini niliketi, nikaandika wahalalishwe. Nilitazama jinsi lilivyokaa kwenye sentensi. Lilikaa vizuri, kama lilizaliwa pale. Nikalifuta.

Nikaenda kwa mhariri nikamwambia ukweli ambao nilipaswa kumwambia tangu mwanzo, kwamba mama yangu anaishi nyuma ya lile ghala. Nilidhani ataghadhibika. Aliniuliza tu mama hajambo, nikasema hajambo. Kisha akakichukua kile kipande kwangu na kumpa mwenzangu wa dirishani, kijana wa bara ambaye hakuwahi kufika pale na hakumjua mtu yeyote wa pale.

Mwenzangu alikisikiliza mara moja. Hakurudisha nyuma hata kidogo. Akaandika wahakikishwe, akaendelea mbele.

"Umesikiaje?" nikamuuliza.

"Nimesikia amesema wahakikishwe. Iko wazi."

Nikavaa hedifoni zake nikasikiliza. Nami nikasikia wahakikishwe, wazi kabisa, kishindo kikiwa kimekaa pembeni kama mlango uliofungwa chumba cha pili. Tangu siku hiyo sijaweza kusikia kingine. Sijui kama ndilo neno lililokuwemo siku zote na masikio yangu yalikuwa yamezibwa na hofu, au ni kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulisikia kwake kule kinuni. Mhariri alitia sahihi. Karani akapata alichokuwa anakingoja.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu nikamwambia mtahakikishwa.

"Maana yake nini?" akauliza.

"Mtaandikwa majina."

"Ili tukae au ili tutoke?"

Nikasema hilo halikusemwa. Akaniambia fundi amekwisha maliza upande wa nyuma. Hakuwa amenisubiri.

Kabla ya masika walikuja kweli, vijana wawili wenye vizibao vya kaunti, na kopo la rangi nyekundu. Walikwenda mlango kwa mlango wakiandika majina na kupaka namba ukutani. Mama alipata namba. Mama wa mahamri hakupata. Nyumba zote za safu ya kwanza hazikupata, ila moja, na hiyo ilikuwa tupu. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu mama aliniita, na nikaona jambo ambalo sijalisahau: waliopakwa namba walitoka nje wakasimama karibu na ukuta wakiitazama kwa wasiwasi, na wasiopakwa wakatoka nje wakazitazama namba za wenzao kwa wasiwasi uleule. Niliwauliza vijana namba maana yake nini. Mmoja alisema ni ya nyumba zitakazopewa hati. Mwenzake akamtazama, akasema yeye aliambiwa ni ya nyumba za kulipwa fidia. Wakaahidi kuuliza ofisini.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya wastani, mkondo ulijaa lakini haukupanda. Baada ya mvua watu wa safu ya kwanza walipelekwa kwenye uwanja wa umma kilomita chache kutoka pale, upande wa kwenda Marafa, wakapewa viwanja vidogo na mabati. Wasio na namba ndio waliopewa. Wenye namba tulibaki na namba. Mwanzo wale waliohamishwa walilia, maana mteja wa mahamri hafuati mahamri kilomita zote hizo. Kisha kule kukawekwa bomba, halafu zahanati ya kontena, na mama wa mahamri sasa akija kumtembelea mama yangu huleta mboga za shambani kwake na kumwambia, kwa upole, kwamba mkondo umeanza kula upande wa safu ya pili.

Mama humjibu kwamba yeye amehakikishwa.

Sijui kati yao nani alibahatika. Nimewauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alimtaja mwenziwe.

Yule mjumbe alishindwa uchaguzi uliofuata. Wiki mbili baada ya kiti chake kuchukuliwa na mtu mwingine, alibisha mlango wa chumba chetu. Hakuwa amevaa koti. Aliwasalimu wote, kisha akaja mezani kwangu akaniuliza kama inawezekana kupata yale aliyoyasema, yote, tangu siku ya kwanza. Mhariri alikubali, kwa sababu yalikuwa maneno ya umma, na mtu yeyote ana haki ya kuyaomba. Nilichapa tangu saa nne mpaka adhuhuri. Mashine ilipata joto ikabidi niipumzishe mara mbili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameweka mikono magotini, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nilipompa rundo alilipima kwa mkono.

"Haya yote ni mimi?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Miwani yake ilikuwa imevunjika kabisa safari hii, akaniomba nimsomee kidogo, popote pale. Nilifungua katikati. Ilikuwa siku aliyozungumzia maziko, kwamba mji unakua na makaburi yamejaa, na kwamba anaomba kaunti itenge ardhi mapema ili watu wasije wakagombana wakiwa na maiti mikononi. Nilisoma kurasa mbili. Nilijikuta nasoma polepole, nikitua pale alipotua, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuyasoma. Wenzangu walikuwa wamevua hedifoni zao wanasikiliza.

Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akauliza ardhi hiyo ilitengwa au haikutengwa.

Nikamwambia sikumbuki kuandika jibu. Nikatafuta kurasa zilizofuata, na zilizofuata hizo. Jibu halikuwemo. Lakini pia kuna vikao ambavyo sikuviandika mimi, nikamwambia, huenda lilitolewa siku nyingine.

"Huenda," akasema. Akafunga rundo lake kwa kamba ya katani aliyokuja nayo mfukoni, akashukuru, akataka kujua mlango wa kutokea ni upi, maana upande huu wa jengo hakuwahi kufika.